Shingo Upande Namba Kumi na Moja

Hadithi hii hamtaiamini. Nawaambia mapema ili baadaye tusivunjiane heshima. Ina kisu kilichoharibika kwa sababu kimetengenezwa, ina mwanamume aliyekwenda kwa kinyozi amevaa suti ya harusi yake, na ina mzee aliyelia kwa sababu ya kusifiwa. Mkishindwa kuimeza, itafuneni polepole. Yote nimeyapata kwa mjomba wa mwanamke mwenye kisu hicho, mtu mwenye busara, umbo zuri na kumbukumbu kali, ambaye unyenyekevu unanizuia kumtaja zaidi ya hapo.

Mwanamke mwenyewe anaitwa Mkaguzi. Ndivyo wanavyomwita wote, kuanzia mlinzi wa getini kazini kwake hadi mumewe. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha biskuti. Husimama kando ya mkanda mrefu wa mpira, kofia ya wavu kichwani, glavu nyeupe mikononi, na biskuti zinapita mbele yake kama watu wanaotoka uwanjani baada ya mechi. Iliyoungua anaidaka. Iliyokatika pembe anaidaka. Ile ambayo chapa ya kiwanda imekwenda upande, hata kwa upana wa unywele, mkono unaruka wenyewe. Jicho bado liko kwingine na biskuti imeshaangukia ndoo ya nyuma. Wenzake wanasema angeweza kuifanya kazi ile usingizini. Mjomba wake anasema amewahi kumwona akiifanya usingizini, lakini hilo tuliache kwa sasa.

Sasa sikieni. Mwanamke huyu, ambaye mchana kutwa anatupa vyenye kasoro, akirudi nyumbani anakusanya vyenye kasoro. Anakusanya visu.

Si visu vya kukunja. Ukimwonyesha kisu cha kukunja atakuuliza kwa upole kama kimevunjika. Kwake kisu ni kipande kimoja cha chuma kutoka nchani hadi mkiani, mpini umekazwa juu yake, hakichezi wala hakijikunji. Na vyake vyote vimetoka kwa mhunzi mmoja, mzee mwenye karakana nyuma ya stendi ya mabasi. Kila mwaka mzee huyo hufua visu vichache, hugonga chapa ya fuawe, lile chuma la kufulia, na namba kwenye kila kimoja, kisha hagusi kisu tena mpaka mwaka mwingine. Miezi iliyobaki anafua bawaba za mageti, na ukimuuliza kwa nini asiongeze visu, anakuuliza kwa nini wewe usiongeze adabu.

Vitu vichache hupata watu wake, na visu vya mzee vilipata wakusanyaji. Kama hamjawahi kukaa na wakusanyaji, kaeni nao siku moja, mtarudi mmewapenda ndugu zenu. Hawataki kisu kizuri. Kisu kizuri, wanasema, hata mwenye bucha anacho. Wanataka kile ambacho siku ya kukifua jambo fulani lilikwenda mrama.

Toleo la kwanza kabisa, kwa mfano, chapa zote ziko miguu juu, kwa sababu mzee alikuwa bado hajazoea kukigeuza kisu kabla ya kugonga. Hilo wanaliita Popo. Kuna toleo ambalo mbao za mipini zilimwishia katikati, akamalizia kwa mguu wa kitanda chake mwenyewe. Vichache vina mpini mwekundu huku na wa manjano kule, navyo vinaitwa Kitanda. Kuna toleo lenye namba tisa mbili, kwa kuwa baada ya kugonga tisa ya kwanza mzee aliitwa kunywa chai, akarudi amesahau alikofika. Wenye tisa hizo ni nesi mmoja na dereva mmoja wa lori. Mpaka leo hawasalimiani. Kila mmoja anadai yake ndiyo ya kabla ya chai.

Halafu kuna Shingo Upande.

Kisu kikishafuliwa, hutiwa motoni mpaka kiwe chekundu, kisha huzamishwa kwenye pipa la mafuta ili chuma kiwe kigumu. Lazima kiingie wima. Mwaka huo pipa la mzee lilitoboka, akaazima jingine jembamba, mkono haukuenea vizuri, visu vikawa vinaingia vimeinama. Upande mmoja ukapoa kabla ya mwenzake, bapa likavutika kushoto. Kidogo tu, kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani huku akijifanya anafagia. Mzee aliposhtuka alikuwa ameshazamisha kadhaa. Akatafuta pipa pana, vilivyofuata vikatoka salama, na vile vya mwanzo vikabaki na jina lao. Mkaguzi ana namba kumi na moja.

Kukitambua ni rahisi. Unakilaza juu ya kioo, unabonyeza ncha kwa kidole. Kisu cha kawaida kinatulia. Shingo Upande mpini wake unainuka kidogo, tik, kama mtu anayekuitikia kwa kichwa. Kila siku ya mapumziko Mkaguzi huvitoa visu vyake kwenye makopo ya biskuti yaliyotandikwa flana, huvipaka mafuta ya cherehani kimoja kimoja, na hicho hukiacha cha mwisho. Hukilaza juu ya kioo cha meza ya sebuleni, hukibonyeza, nacho humwitikia.

"Haya, hujambo," hukiambia.

Watu wamefunga ndoa kwa mazungumzo machache kuliko hayo.

Jikoni kwake, sasa, kuna kisu kimoja tu. Ni butu, mpini umezungushiwa utepe mweusi wa mafundi umeme, na nyanya haikatiki mpaka uipige ngumi kwanza. Nyumba ina visu vya kutosha kufungulia duka, na mkate unamegwa kwa mikono. Mumewe akinung'unika, jibu ni lile lile: "Vile si vya kukatia."

Mume bado sijamleta. Ni fundi wa bodi za magari. Gari likigongwa ubavu likabonyea, yeye huingia kwa ndani na nyundo zake ndogondogo, anagonga hapa, anapapasa pale, mpaka bati linasahau kwamba liliwahi kugongwa. Ni mwanamume mpole, hana neno na mtu, ila ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona kitu kimepinda akakiacha. Kwenye harusi ya mdogo wake aliingia chini ya meza kuu kunyoosha mguu wa kiti cha bibi harusi, na bibi harusi amekikalia. Mjomba wa Mkaguzi alikuwepo, tena ndiye aliyemshikia nyundo.

Fikirieni basi mateso ya bwana huyu. Miaka yote anamwona mkewe amekaa sebuleni anapapasa kisu kilichopinda. Yeye hakuona mkusanyaji na kipenzi chake. Aliona mwanamke aliyeuziwa kitu kibovu, anaona haya kusema, anajaribu kukisugua kwa mafuta labda kitanyooka. Ilimuuma. Akanyamaza, lakini wale wapole wakinyamaza ndipo wanapopanga.

Ikatokea mzee mhunzi akatangaza kwamba anaacha kufua visu. Atatoa toleo moja la mwisho, vichache kuliko vya kawaida, kisha bawaba tu mpaka Mungu amwite. Wakusanyaji wakakutana kwa mwenyekiti wao, ambaye ni kinyozi, wakabishana siku nzima wateja wakisubiri na povu mashavuni. Mwishowe wakakubaliana: kisu cha toleo hilo la mwisho atapewa kila atakayeweka mezani kimoja cha kila toleo, na kila kimoja kiwe na kasoro yake kamili. Asiyekamilisha atatazama wenzake.

Mkaguzi alikuwa navyo vyote. Kisu hicho cha mwisho alikitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu cha mkononi. Alikitengea kopo, akalitandika flana mpya ya samawati, na kopo likakaa tupu juu ya kabati kama kitanda cha mtoto ambaye bado hajazaliwa. Kazini, nasikia, biskuti moja iliyokatika ilimpita. Msimamizi alidhani anaumwa.

Siku moja kabla ya mkutano, jioni, alivitoa visu ili avipake mafuta. Akapaka Popo. Akapaka Kitanda. Akafika kwa namba kumi na moja, akakilaza juu ya kioo, akabonyeza.

Kimya.

Akabonyeza tena. Kisu kilikuwa kimelala juu ya kioo ubapa mtupu, kama mtu aliyekula akashiba akakataa kuamka. Akakiinua, akakipeleka dirishani, akafumba jicho moja na kutazama kwenye mgongo wake kutoka mpini hadi nchani. Ulikuwa umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Na kiling'aa, aliona hata uso wake humo, na uso wenyewe haukuwa mzuri wakati ule.

Aligeuka. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, tabasamu limemfika masikioni.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Unasemaje?"

Mkaguzi akatafuta neno la kusema. Akapata moja la kweli. "Kimenyooka."

"Nilijua utafurahi," mume akasema, akaja akakaa karibu naye. "Mke wangu, umevumilia sana. Kila siku nakuona unakisugua, unakisugua. Nikasema mwaka huu siku yetu ya kuoana ikifika simnunulii kitambaa, namtengenezea kisu chake. Muda wote wa chakula cha mchana nilikuwa nacho gereji. Kigumu hicho. Ningekipiga kwa nguvu kingekatika vipande viwili. Nimekibembeleza."

"Umekibembeleza," akarudia Mkaguzi.

"Kwa nyundo ile yenye ncha kama mdomo wa ndege. Kidogo, kidogo." Akamtazama. "Mbona unalia?"

"Ni furaha," akasema Mkaguzi, na ndoa nyingi zimeokolewa na uongo mbaya kuliko huo.

Mumewe alipokwenda kuoga akiimba, Mkaguzi alikifunga kisu kwenye kanga akaenda mbio kwa mjomba wake kutaka shauri. Na hapa ndipo mnapaswa kuona faida ya kuwa na mjomba. Mjomba alikipima mkononi, akakohoa kama daktari, akasema dawa ni nyepesi: ingiza ncha kwenye upenyo wa bawaba ya mlango, funga mlango, vuta mpini kuelekea kulia. Yeye mwenyewe, akasema, ameshapinda reli kwa njia hiyo.

"Mjomba, kitavunjika."

"Kikivunjika utakuwa na viwili."

Mkaguzi akakifunga tena kwenye kanga yake. "Nikimwomba akirudishe kilivyokuwa, itabidi nimwambie alichofanya."

"Mwambie basi. Mwanamume hafi kwa kuambiwa."

"Hujamwona alivyosimama pale mlangoni," akasema Mkaguzi, akarudi nyumbani. Mjomba alibaki anatazama bawaba ya mlango wake na kujiuliza kama kweli ingewezekana. Haiwezekani. Mpaka leo mlango ule haufungi.

Mkutano ulifanyika kinyozini siku ambayo huwa pamefungwa. Viti vya kunyolea vilisogezwa ukutani, meza ndefu ikawekwa katikati na vipande vya vioo juu yake. Kwa vile kuta nazo zina vioo huku na huku, kila kisu kilionekana mara nyingi kuliko kilivyo, na watu vilevile, mpaka palionekana pana umati wa watu mia tatu. Nesi aliketi upande huu na tisa yake, dereva wa lori upande ule na ya kwake, wamepeana migongo.

Mkaguzi aliingia na makopo yake. Nyuma yake akaingia mumewe, ambaye hajawahi kukanyaga mkutano wa visu tangu aoe, amevaa suti aliyoolea. Kifungo cha kati kilikuwa kimekaza kama kinataka kuruka kumtoa mtu jicho. Alikuwa amemwambia mkewe asubuhi: "Leo nakusindikiza. Nataka niwasikie watakavyosema wakikiona." Angemzuiaje?

Mzee mhunzi alikuwa ameketi kwenye kiti kimoja cha kunyolea, ameweka magotini furushi la turubai lililofungwa kamba. Mafua yalikuwa yamemshika, au alisema ni mafua.

Kinyozi akaanza kukagua. Mtu mwenye vidole vyepesi, hupapasa kisu kama anavyopapasa kidevu cha mteja akitafuta unywele uliobaki. Wengi walitolewa mmoja baada ya mwingine. Huyu hana Kitanda, yule Popo wake ameng'arishwa mpaka chapa imefutika. Akafika kwa Mkaguzi. Popo, sawa. Kitanda, sawa. Akateremka kwenye mstari akitikisa kichwa kwa kuridhika, akafika kwa namba kumi na moja. Akaweka kidole nchani, akabonyeza, akatega sikio.

Akabonyeza mara ya pili.

"Dada," akasema taratibu, "hiki hakiitiki."

Kiti kimoja kikalia. Nesi na dereva wa lori walisahau uadui wao, wote wakainuka kutazama. Mkaguzi aliona kwenye kioo cha ukutani uso wa mumewe nyuma yake, umekunjuka, unasubiri sifa.

"Nilikinyoosha mimi," akasema.

Minong'ono ikapita. Kinyozi akafungua mdomo, lakini kabla hajatoa neno, sauti ilitoka nyuma.

"Wewe?" Mume alisogea mbele, amejawa na mshangao wa mtu anayeibiwa mchana kweupe. "Wewe, mke wangu, hata msumari wa picha naupigilia mimi. Jamani msimsikilize, anaona haya kunisifu mbele za watu. Hiyo kazi yangu."

"Baba," akanong'ona Mkaguzi, "kaa chini."

Hakukaa. Alichukua kisu akawaeleza yote, kwa raha zake, jinsi ulivyo upande uliojiingiza ndani, jinsi unavyougonga nukta kwa nukta, chuma kinatanuka unywele mmoja na kurudi chenyewe mahali pake. Akawaonyesha na nukta zenyewe, mstari wa vitone vidogo kama mchanga ubavuni mwa bapa. Alieleza mpaka akafika mwisho, akatazama huku na huku, na hakuna aliyekuwa anatabasamu, si watu wala vioo.

"Kwani vipi?" akauliza. "Mbona mmekaa kama mko msibani?"

Kinyozi ndiye aliyemweleza, kwa upole wa mtu aliyemkata mteja sikio. "Shemeji, visu vya toleo hilo ambavyo havijapinda viko vingi. Vilivyopinda ni vichache. Ule mpindo ndio tuliokuwa tunautafuta."

Mume akabaki amekishika kisu kwa mikono miwili. Akamgeukia mkewe.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu jana?"

"Tangu jana."

"Na ukaniambia kimenyooka."

"Kilikuwa kimenyooka," akasema Mkaguzi.

Kile kifungo cha suti kikachagua wakati huo kuruka. Kiligonga kioo, kikadunda mezani, kikasimama karibu na Popo. Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo dalili kwamba mambo yalikuwa mabaya.

"Kilete hapa," akasema mzee mhunzi.

Akakipokea, akafumba jicho, akatazama mgongo wa kisu kwa muda mrefu. Akapitisha kidole gumba juu ya zile nukta.

"Kilikuwa kigumu tayari ulipokigonga?"

"Kigumu kama moyo wa mwenye nyumba, mzee."

"Na hakikukatika."

"Kilitaka."

Mzee akaguna. Kisha akawatazama wakusanyaji wake, mmoja mmoja, na alipoanza kusema sauti yake ilikuwa ya chini. "Mwaka ule niliazima pipa nikaharibu kazi. Nililia kwa mke wangu. Nikauza vile vibovu kwa kuwa nilihitaji kununua makaa, nikasema kasoro haitaonekana. Wiki ile ile mkaja mnashangilia. Chapa nimegonga miguu juu, mkashangilia. Mpini nimeunga kwa kitanda changu, mke wangu analala chini, mkashangilia. Miaka yote sijasikia mtu akiniambia, mzee, kile kilichotoka sawasawa ni kizuri. Huyu hapa," akamnyooshea mume kisu, "ni wa kwanza kuona kosa langu akalihurumia."

Akafungua furushi. Toleo la mwisho lilikuwa humo, mipini mieusi, chapa zimekaa barabara. Na vyote, kimoja hadi cha mwisho, vilikuwa vimepinda.

Pale kinyozini pakatoka sauti ambayo mjomba wa Mkaguzi anasema hajawahi kuisikia tena, kama watu wenye kiu wanapoona mtungi. "Shingo Upande ya pili," dereva wa lori akanong'ona, akamshika nesi mkono bila kujua.

Mzee akavifunika haraka. "Mkono wangu unatetemeka siku hizi, haushuki wima tena. Nilitaka niviyeyushe viwe bawaba. Lakini kama kuna mtu anayeweza kuvinyoosha, nitaondoka kwenye kazi hii kwa heshima." Akamtazama mume. "Utaweza?"

"Mzee, usitufanyie hivyo," akasema Kinyozi.

Mume alikuwa amekwisha kutota jasho. "Mimi leo nimekoma," akasema. "Sigusi tena kisu cha mtu kabla sijauliza. Muulizeni mke wangu. Akisema niguse, nitagusa. Akisema niache, naacha."

Macho yote yakamhamia Mkaguzi, na kwa ajili ya vile vioo yalikuwa macho mengi. Kinyozi alimsogelea akamwinamia sikioni, kama anayempaka manukato ya baada ya kunyoa. "Dada, sikiliza. Sema aache. Kumi na moja tutakusamehe, uchague wewe wa kwanza, kile kilichopinda kuliko vyote. Hakuna atakayekuwa nacho duniani."

Mkaguzi alilifikiria lile kopo la flana ya samawati. Alivitazama vile visu vilivyochungulia chini ya turubai, vimeinamisha shingo zao, na vidole vikamwasha. Alikuwa amevitafuta vya namna hiyo nusu ya maisha yake, na hapa vilikuwa vyote pamoja, furushi zima. Kisha akamwona mzee anafuta pua kwa ncha ya turubai huku amegeukia ukutani asionekane, asijue kwamba ukuta ni kioo. Kwa mara ya kwanza ilimjia kwamba kila kasoro aliyoipaka mafuta na kuiamkia, kuna mtu aliyekosa usingizi kwa ajili yake.

"Ninyooshe?" mumewe akauliza. Suti ilikuwa imeachana tumboni.

"Nyoosha," akasema Mkaguzi.

Basi vilinyooshwa gereji, kati ya Toyota isiyo na mlango na basi dogo lililogongwa na mti. Mzee aliketi juu ya tairi akitazama. Mume aligonga, Mkaguzi akakagua: kipande cha kioo juu ya pipa, kidole nchani, sikio limetegwa.

"Hiki bado."

"Hicho kimenyooka."

"Kinaitika."

"Hakiitiki, mke wangu, ni wewe unatetemesha pipa."

"Kinaitika. Rudia." Na mkono wake ukakirusha nyuma kama biskuti, mume akakidaka, akarudia, mzee akicheka mpaka akakohoa.

Wakusanyaji walikuja kuchukua vyao nyuso zimewashuka, kama watu wanaochukua ndugu kituo cha polisi. Hawakukaa nazo hivyo muda mrefu. Haikupita wiki, Kinyozi aligundua zile nukta za nyundo ubavuni, na kwamba hakuna kisu chenye nukta sawa na mwenzake. Sasa toleo hilo linaitwa Mvua, wenye vitone vingi wanawaringia wenye vichache, na nesi na dereva wa lori wamepata la kugombania upya. Mzee alipopelekewa habari alishika kichwa. Yule mume aliambiwa naye, akataka kwenda kwao nyumba kwa nyumba kuzifuta kwa msasa, ikabidi mkewe amfiche viatu.

Mkaguzi, mzee alimpa kilichonyooka kuliko vyote, bila kujali masharti ya wakusanyaji. Alikipeleka nyumbani, akakiweka kwenye kopo la flana ya samawati, akakitoa. Akakirudisha, akakitoa tena. Hakikuwa na la kumwambia. Unakibonyeza, kinakutazama tu. Mwishowe alikipeleka jikoni, akakichukua kile butu chenye utepe mweusi akakilaza hicho ndani ya kopo, na tangu siku hiyo mkate wa nyumba ile unakatwa kwa kisu. Kumi na moja kiko bado kati ya wenzake. Kila siku ya mapumziko hukilaza juu ya kioo na kukibonyeza, hakiitiki, na mumewe aliyekaa kiti cha pili humwitikia kwa niaba yake.

Ila makali ya kile cha jikoni, ndugu zangu, ndiyo msiyoweza kuyaamini. Nyanya inagawanyika kwa kukiona tu. Kimenyooka hivi kwamba seremala wa mtaa wa pili hukiazima kupimia fremu za milango. Habari zikafika mpaka kwa wale waliokuwa wanajenga daraja jipya, wakaleta gari na walinzi wawili, na injinia mkuu mwenyewe alipiga magoti hapo jikoni akamwomba Mkaguzi amwachie kisu hicho kwa siku mbili, maana vipimo vyao vyote vya chuma vilikuwa—

"Mjomba." Amesimama nyuma yangu na mkate mkononi, kumbe anasoma ninayoandika tangu lini sijui. "Injinia gani?"

"Injinia wa daraja."

"Aliyekuja ni fundi bomba, na alikuja kwa ajili ya bomba. Na mzee wa watu hakulia, alikuwa na mafua. Na pale kwa Kinyozi tulikuwa watu kumi na wanne, wewe mmoja wao, umelala kwenye kiti cha pembeni na taulo usoni."

"Nilifumba macho nisikie vizuri," nikamwambia. "Na injinia nitamtoa, haya, nimemtoa. Lakini ile reli usiiguse, kwa sababu siku ile niliyoipinda walikuwepo mashahidi zaidi ya mia—"

"Mjomba."